Misuli, mnofu na panya "waliozoea" hewa ya milimani

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha baiolojia skuli ya sekondari, Chake Chake. Nimewaandikia wanafunzi: "Panya wa milimani wamezoea hewa chache kwa kukuza misuli yao." Mwenzangu anasema msuli ni nguo, niandike "minofu". Nani kati yetu yuko sawa?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. "Misuli" iache ilivyo. Kweli kwetu msuli ni shuka anayojifunga mwanamume kiunoni, lakini ni neno hilo hilo la nyama inayokaza na kulegea mwilini, na ukishataja panya mwanafunzi hapotei. Mnofu ni nyama isiyo mfupa, ya kupimwa na kupikwa. Haukazi wala haulegei. Wala usiandike "mishipa": hiyo utaihitaji kwenye damu.

Makosa yako kwingine. "-chache" ni ya vitu vinavyohesabika: watu wachache, siku chache. Hewa haihesabiki, kwa hiyo ni kidogo au haba. Taja na oksijeni yenyewe. Mlima wa Mount Blue Sky huko Colorado, Marekani, una mita 4,350, na panya wake wamechunguzwa sana. Kule juu oksijeni bado ni kama asilimia 21 ya hewa. Kilichoshuka ni mgandamizo wa hewa, uliobaki kiasi cha asilimia 60 ya ule wa pwani, ndiyo maana kila pumzi inabeba oksijeni haba.

Kosa kubwa zaidi ni "wamezoea". Kuzoea ni kazi ya kiumbe mmoja katika uhai wake. Mtu akipanda Kilimanjaro huanza kuhema haraka, na akikaa huko wiki kadhaa chembe nyekundu za damu huongezeka. Huyo amezoea, na akirudi pwani mabadiliko hayo humtoka. Panya wale sivyo. Watoto wao waliozaliwa na kulelewa maabara za nchi tambarare, wasioujua mlima, wamekutwa na misuli ya kigimbi yenye kapilari (mishipa myembamba kabisa ya damu) nyingi kuliko ya panya wa asili ya bondeni. Hiyo ni tabia ya kurithi, iliyojengeka vizazi kwa vizazi. Andika "wana umbile linalofaa" au "maumbile yao yamebadilika vizazi kwa vizazi".

"Kwa kukuza" nako kunapotosha, maana "kwa" na kitenzi hapo humpa panya nia na mpango. Tena misuli yenyewe si kwamba imenenepa. Tofauti imo ndani: nyuzi zinazotegemea oksijeni, yaani nyuzi nyekundu, ni nyingi zaidi, kapilari zimezizunguka kwa wingi, na sehemu kubwa zaidi ya mitokondria (viwanda vya nguvu vya seli) imesogea pembeni mwa seli, karibu na kapilari, hivyo safari ya oksijeni kutoka kwenye damu ni fupi. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na mlimani kuna baridi. Misuli hiyo hiyo ya kukimbilia ndiyo ya kutetemekea ili panya apate joto. Ikikosa oksijeni, hawezi kimoja wala kingine.

Ukitaka kuwaonesha darasani, nunua kipande cha jodari na kipande cha changu. Mkate jodari kwa upana: ndani, karibu na uti wa mgongo, kuna ukanda wa nyama iliyokoza wekundu hadi kukaribia weusi. Ndio msuli wa kuogelea mchana kutwa, wenye damu na mioglobini (protini nyekundu inayoshika oksijeni) tele. Nyama ya changu ni nyeupe, ya kuchomoka ghafla na kuchoka mapema. Wanafunzi wakishaona rangi hizo mbili, "nyuzi nyekundu" haitakuwa msamiati mtupu.

Sentensi yako basi iwe: "Panya wa milimani wana umbile linalofaa mahali penye oksijeni haba: misuli yao ina nyuzi nyekundu nyingi, na kila uzi umezungukwa na kapilari nyingi."