Barua kwa mwanangu: kinga iliyo mkononi mwako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama kile kiwambo unachovaa kuzuia mimba kinakukinga na VVU pia, maana mwenzio hataki kusikia habari ya kondomu. Wewe ni mtu mzima, nitakujibu bila kuzunguka.

Kiwambo hakitoshi. Kinafunika mlango wa kizazi tu, kuta za uke zinabaki wazi. Watafiti walikitumainia sana, kwa sababu virusi hupenya kirahisi pale mlangoni. Wakakijaribu kwa wanawake wapatao 5,000 wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Majibu yakatoka mwaka 2007: waliopewa kiwambo juu ya kondomu hawakukingika zaidi ya waliopewa kondomu peke yake. Na ile dawa ya kuua mbegu unayopaka humo, kama ni nonoksinoli-9, iache, mama. Ikitumika mara kwa mara huchubua ngozi laini ya ndani, na penye mchubuko virusi hupata njia. Muone muuguzi akubadilishie uzazi wa mpango.

Kinachokufaa ni kondomu ya kike. Kina mama wengi huiona pakitini wakaogopa ukubwa wake. Nami niliogopa. Mara ya kwanza iliniteleza mkononi kwa kile kilainishi, nikaiacha siku nzima. Jifunze ukiwa peke yako, mlango umefungwa, usisubiri usiku wenyewe. Chuchumaa au inua mguu mmoja. Pete ya ndani ibane kwa vidole mpaka iwe nyembamba, isukume taratibu hadi ndani kabisa. Ikikaa sawa hutaisikia. Pete ya nje ibaki nje, imefunika mashavu ya uke. Unaweza kuivaa saa kadhaa kabla, kwa hiyo hakuna kukatiza mambo. Wakati wa kuingia, muongoze mwenzio kwa mkono wako apite ndani ya kondomu, kwa maana akipita pembeni yake, kinga hakuna. Mkimaliza, kabla hujasimama, zungusha pete ya nje ili majimaji yasimwagike, ndipo uivute. Ni ya tendo moja tu. Naye asivae yake juu ya yako, zitasuguana zichanike.

Siwezi kukuficha kwamba ataiona. Haifai kwa siri. Ndiyo maana neno lako "hataki kusikia" limeninyima usingizi. Mwambie mkapime wote wawili. Akikataa na hilo, zipo kinga ambazo hazihitaji ruhusa yake: vidonge vya PrEP vya kila siku, yaani dawa anazomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, au pete yenye dawa ya dapivirini inayokaa ukeni siku 28, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Pete hiyo hupunguza hatari, haiiondoi. Vidonge vina nguvu zaidi ukivimeza bila kuruka. Ila hakuna kati ya hizo inayozuia kaswende wala kisonono, kwa hiyo kondomu bado naililia.

Na ikitokea imepasuka, au amekulazimisha, usikae ukilia chumbani. Dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Nipigie hata usiku wa manane, tutakwenda pamoja.

Mama yako