Dan Dare: anza na Zuhura

Ndugu, umeuliza kama mkusanyo wa katuni za Dan Dare, rubani wa anga za juu, unamfaa mtoto wa miaka 10, na aanzie wapi. Unamfaa sana. Aanze na hadithi ya sayari ya Zuhura, ya kwanza kabisa, iliyoanza kutoka katika gazeti la watoto la Eagle, Uingereza, Aprili 1950. Dunia haina chakula cha kutosha, Dan na msaidizi wake Digby wanakitafuta Zuhura, na huko wanakutana na Mekon, adui wa kijani mwenye kichwa kikubwa. (Waingereza wenyewe walikula kwa mgao hadi 1954.) Tafuta chapa yenye kurasa kubwa. Mchoraji wake, Frank Hampson, alichora kwa kutazama picha za watu halisi na mifano ya vyombo vya angani, ukizipunguza kurasa ukubwa unapoteza uhondo wote.