Waliniita karani

Wiki iliyopita makala yetu kuhusu watoto waliolazwa na majeraha ya ubongo ilikubaliwa na jarida. Sijamaliza hata kumpigia mama simu, ukaingia ujumbe kutoka kwa binti aliye mwaka wa mwisho wa udaktari: "Shikamoo daktari. Nami nataka utafiti wa ubongo wa watoto, hapahapa Mombasa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye faili.

Mimi nilianzia huko, nikadharauliwa. Nilikuwa daktari mchanga, zamu ya usiku. Aliletwa mvulana wa miaka mitano kutoka Kisauni, kaanguka mwembeni. Babake alikuja naye kwa bodaboda, kampakata, kichwa kimefungwa leso ya mamake. Tulimshona, tukaomba picha ya kichwa, tukangoja. Alfajiri akashikwa na dege, yaani degedege. Nilipofungua faili nione usiku ulivyokwenda, nilikuta mistari miwili: "Mtoto amelala." "Hali ileile." Oksijeni haikuandikwa, wala presha, wala sukari, wala alama za fahamu. Mstari wa pili ulikuwa mwandiko wangu.

Aliishi, alhamdulillahi. Alitoka anatembea, lakini mkono wa kulia haukurudi kama zamani.

Ubongo wa mtoto huumia mara mbili. Pigo la kwanza ni lile la mwembeni au barabarani, nalo likishapita limepita. La pili huja kitandani, taratibu: oksijeni inashuka, presha inashuka, sukari inashuka, homa inapanda, dege linapita bila mtu kuliona. Hilo la pili ndilo letu. Na usipoandika namba pamoja na saa, hutaliona likija.

Basi, nilipopata kibali cha kamati ya maadili, nikaanza kuhesabu. Zamu ikiisha nashuka stoo ya mafaili, joto la kaskazi, feni haizunguki, daftari limelowa jasho. Mkubwa wangu mmoja alinikuta, akasema mbele ya wenzangu: "Huu si utafiti, huu ni ukarani." Mwaka uliofuata alisimama mkutanoni na hesabu zilezile, jina langu halimo. Nimesamehe, lakini bado linaniuma. Kwa hiyo, binti yangu, daftari lako litie tarehe, weka nakala, na kabla hujampa mtu yeyote takwimu, kubalianeni kwa maandishi nani atatajwa.

Ukarani! Hapo Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwetu, walihesabu watoto 340 wenye malaria iliyopanda kichwani. Nusu walidungwa fenobabitoni kuzuia dege, nusu wakapewa dawa bandia, sindano isiyo na dawa ndani, ya kulinganishia. Dege lilipungua kweli. Lakini waliofariki upande wa dawa walikuwa 30, upande wa pili 14. Dawa kwa kipimo kile ilionekana kuwazima pumzi, na wodi haikuwa na mashine za kupumulia. Matokeo yalitoka mwaka 2000. Angekuwepo mtu anayetazama dege peke yake, angesherehekea. Aliyeandika kila kitu, kila saa, ndiye aliyeona.

Kwa hiyo vijana msiniambie mnangoja mashine kutoka ng'ambo. Mnataka kuitwa maprofesa, na hilo si kosa, hata mimi nalitaka. Lakini faili la jana usiku mmelijaza? Andikeni. Mkichoka, andikeni. Mkubwa akiwacheka, andikeni.

Kipimo cha fahamu cha Glasgow, cha 1974, humtaka mgonjwa aseme. Mtoto wa mwaka mmoja atasema nini? Ndiyo maana Malawi wakatengeneza cha Blantyre, kikachapishwa 1989, alama tano tu: mbili za mwili unavyojibu maumivu, mbili za kilio, moja ya macho. Hiyo ya macho naipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kifaa wala kumuumiza mtoto.

Ukiwa zamu usiku huu, mtoto mdogo wa kwanza utakayempokea, mwombe mamake ainame karibu, kisha asogee polepole kutoka upande mmoja wa kitanda hadi wa pili. Wewe usimtazame mama. Tazama macho ya mtoto kama yanaufuata uso wake. Yakifuata, andika moja. Yasipofuata, andika sufuri. Kisha tazama ukutani, uandike na saa.