Rupia ya babu: imechezewa au imesuguliwa tu?

Ndugu, nimekuelewa: rupia ya Mjerumani ya 1891 uliyoachiwa na babu inang'aa kuliko umri wake, na mnunuzi kakwambia "imechezewa," yaani imebadilishwa au kuzibwazibwa makusudi. Usimwamini haraka. Neno hilo hushusha bei kabla hata ya kuanza kupatana.

Chukua kioo cha kukuzia, simama dirishani, uigeuzegeuze sarafu polepole. Iliyosuguliwa huonyesha mikwaruzo myembamba kama nywele, inayopita juu ya kofia ya Kaisari, yule mfalme wa Ujerumani aliyechorwa kwenye sarafu, na sehemu tambarare bila kujali, huku weusi ukibaki kwenye pembe za herufi. Mara nyingi ni majivu au dawa ya meno. Yangu niliiharibu hivyo hivyo, kwa mikono yangu.

Iliyochezewa ina kasoro mahali pamoja. Tazama tarakimu ya mwisho ya mwaka: je, unene wake unalingana na wenzake? Pembeni yake pamechimbwa? Kisha kagua ukingo, hasa juu ya kichwa. Rupia nyingi zilivaliwa shingoni, kwa hiyo huenda ukakuta alama ya kulehemu au tundu lililozibwa.

Ipime kwa sonara: gramu 11.66 ikiwa mpya, pungufu kidogo ikiwa imechakaa. Ikipungua gramu nzima, tia shaka. Ila usimruhusu aing'arishe wala kuidondoshea tindikali.

Tarakimu ikikutia wasiwasi, mtafute mtaalamu wa sarafu asiye na nia ya kuinunua.