Maswali na Majibu: Droni na Pumzi kwenye Milima Mirefu Kuliko Yote Duniani

Tangu video za droni zinazopita juu ya vilele vya Himalaya zianze kuzunguka kwenye simu zetu, maswali yanayonifikia kutoka Tanga mjini na wilaya za jirani yamekuwa ya aina mbili: ya chombo na ya mwili. Nimeamua kuyajibu pamoja kwa sababu, kwa maoni yangu, yana asili moja. Hewa ya juu ni chache, na uchache huohuo unaoikosesha droni nguvu ya kuelea ndio unaomkosesha msafiri pumzi.

Shikamoo mwandishi. Napiga picha za harusi hapa Chumbageni kwa droni ndogo, na programu yake hainiruhusu kupanda zaidi ya mita 500. Wenzetu wanawezaje kufika mita 8,849 za Everest?

Marahaba, ndugu yangu. Kikomo hicho hakihesabiwi kutoka usawa wa bahari, bali kutoka mahali droni ilipoanzia kuruka. Ukiirusha kutoka ufukwe wa Raskazone, mita zako 500 zinaanzia majini. Lakini aliyesimama kwenye kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepal, anaanza kuhesabu akiwa tayari katika mita 5,364. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kupiga picha milimani hufanywa na miguu: mpigaji hubeba chombo chake mgongoni siku kadhaa, akakipandisha hadi karibu na anachotaka kukipiga, ndipo akirushe. Droni ya DJI, kampuni ya China inayotengeneza droni, iliyopita juu ya kilele cha Everest mwaka 2022 haikuondoka bondeni, na wala haikurushwa na mtu aliyeketi hotelini.

Kinachosumbua kweli ni kikomo kingine, ambacho watu wengi hawakisomi kwenye kijitabu cha maelezo: kimo cha juu kabisa ambacho mtengenezaji anaruhusu chombo kianzie kuruka. Kwa droni nyingi ndogo zisizofikia gramu 250 kimo hicho ni mita 4,000 hivi, na kwa baadhi yake, ukiweka betri kubwa ya kudumu zaidi, hushuka hadi mita 3,000 kwa sababu ya uzito ulioongezeka. Mji mdogo wa Namche Bazaar, ambako wasafiri wengi wa Everest hulala mapema katika safari yao, uko mita 3,440. Maana yake ni kwamba droni yako, ikiwa na betri hiyo kubwa, imeshavuka kipimo chake kabla mlima wenyewe haujaanza. Droni kubwa kidogo, zile za daraja la Mavic 3, hupewa mita 6,000.

Sababu yake haina fumbo. Mapanga ya droni huinua chombo kwa kuisukuma hewa kwenda chini. Hewa ikiwa nyepesi, kila mzunguko hupata kitu kidogo cha kusukuma, mfano wa kasia linalopigwa kwenye povu. Pale ambapo uzito wa hewa ni nusu ya ule wa pwani, mapanga hayo hayana budi kuzunguka kwa kasi iliyoongezeka kwa takriban asilimia 40 ili kuinua mzigo uleule, na mota ikishafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, haibaki na akiba ya kupambana na upepo. Hapo ndipo droni nyingi hupotea: betri ingali na chaji, lakini upepo umeizidi nguvu na kuivusha upande wa pili wa ukingo wa mlima. Hata helikopta zina shida hiyohiyo, na ndiyo sababu rubani Mfaransa Didier Delsalle alipotua kwenye kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005, tendo lake liliingia katika historia ya urubani.

Ushauri wangu ni kuruka asubuhi mapema kabla upepo wa mabondeni haujaamka, kuanza safari ya droni kwa kwenda dhidi ya upepo ili irudi ikisukumwa nao, na kuigeuza mapema kuliko unavyofanya harusini.

Nasikia betri hufa ghafla kwenye baridi. Je, ni kweli, na ninaruhusiwa kupanda nazo ndege? (Pangani)

Ni kweli. Ndani ya betri ya lithiamu umeme hutokana na mwendo wa kikemikali ambao baridi huupunguza kasi. Volti hushuka pale mota zinapodai nguvu nyingi kwa mkupuo, na droni inaweza kujishusha yenyewe huku kioo kikionyesha kwamba chaji bado ipo. Wazoefu huzitunza betri ndani ya koti karibu na mwili mchana, hulala nazo ndani ya mfuko wa kulalia usiku, na huiacha droni ielee kidogo karibu na ardhi ili betri ipate joto kabla ya kuituma mbali.

Kuhusu ndege, betri za akiba hukaa kwenye mkoba unaoingia nao ndani, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Zilizo chini ya saa-wati 100 (kipimo cha nishati ya betri, Wh) kwa kawaida hazihitaji ruhusa ya pekee. Kati ya 100 na 160 utaomba idhini ya shirika la ndege. Ziba ncha zake kwa utepe. Na ikiwa tiketi yako inapitia India na utalazimika kuchukua mizigo na kuingia nchini humo, tafuta njia nyingine, kwani India ilipiga marufuku uingizaji wa droni mwaka 2022.

Mwanangu wa kiume ana miaka 24, anataka kutembea hadi kambi ya chini ya Everest na kamera yake. Ni mchezaji mpira mzuri. Mimi mama yake nina wasiwasi. (Ngamiani)

Shikamoo mama. Wasiwasi wako una msingi, na sehemu inayonitia shaka mimi ni hiyo ya mpira. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii misuli. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anayeumia, kwa kuwa miguu yake inampeleka haraka kuliko damu yake inavyoweza kuzoea. Kwenye kambi ya chini shinikizo la hewa ni kama nusu tu ya lile la Tanga, na kwa hiyo kila pumzi huingiza mapafuni karibu nusu ya oksijeni aliyoizoea.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milimani ni kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike bila kupandisha malazi. Ndiyo maana safari inayoanzia uwanja wa ndege wa Lukla, wenye mita 2,860, hadi kambini na kurudi huchukua takriban wiki mbili ilhali mwendo wenyewe si mrefu. Kampuni itakayomwahidi mwanao siku chache mno kwa bei nafuu, mwambie aikatae.

Ajue dalili pia. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mbovu ni onyo la kutopanda zaidi mpaka ziishe. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema na kukohoa akiwa amekaa tu ni dalili za maji kujaa kwenye ubongo au mapafu, na hapo anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama picha aliyoifuata iko mbele ya macho yake. Wapiga picha wana tabia ya kusema “dakika tano tu”, na mlimani dakika hizo huzaa saa nzima.

Jambo jingine ni la kwetu zaidi, na vitabu vya wasafiri wa Ulaya hulipitia juujuu. Hapa pwani watu wengi wamerithi chembe ya selimundu bila kujua kwa sababu hawajawahi kuugua. Mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja anaweza kuishi salama maisha yake yote kwenye usawa wa bahari, kisha akifika juu, oksijeni ikipungua, akapata maumivu makali ya wengu yanayohitaji matibabu ya haraka. Mwenye ugonjwa kamili asiende. Kipimo cha damu hospitalini ni jambo dogo. Naomba, mama, umsisitize afanye hicho kabla ya kununua hata jozi ya viatu. Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, asetazolamaidi, aandikiwe na daktari, wala asiazime ya rafiki. Bima yake nayo itaje kwa maandishi uokoaji kwa helikopta na kimo atakachofika.

Je, mazoezi ya milima ya Usambara yanatosha? (Mwalimu, Muheza)

Kwa miguu na kwa mkono wa kurusha, yanatosha na kuzidi, Mwalimu. Mteremko wa kupanda Magoroto na njia za Lushoto hufundisha magoti, na ukungu wa Usambara hufundisha subira kuliko mahali pengi. Kwa mapafu hayatoshi, kwa kuwa vilele vyake vya juu havizidi sana mita 2,300, kimo ambacho mwili hausumbuki vya kutosha kuanza kujizoeza. Anayetaka kujipima aende Kilimanjaro, ambako Uhuru iko mita 5,895, juu kuliko kambi ya chini ya Everest kwa zaidi ya mita 500. Watanzania wenye safari za mbali huusahau mlima wetu wenyewe, wakati ambapo Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012, alitokea katika kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro.

Huko juu hakuna askari. Nikirusha kimyakimya bila kibali, nani ataniona? (Korogwe)

Watakuona waongozaji, wapagazi na wasafiri wenzako, na droni husikika mbali sana penye ukimya. Nepal inataka kibali cha mamlaka yake ya usafiri wa anga na idhini ya wizara ya mambo ya ndani, na kwa kuwa njia ya Everest imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, uongozi wa hifadhi nao lazima uridhie. Nyumbani hali ni hiyohiyo: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania inasimamia, wizara yenye dhamana ya ulinzi inahusishwa, na ndani ya hifadhi za taifa hurushi bila idhini ya TANAPA. Anza kuomba miezi kabla. Kibali kikichelewa, nenda na kamera ya mkononi. Wapo waliorudi na picha nzuri kuliko za angani.

Je, ni kweli kwamba droni zitawanyang’anya wapagazi wa Everest kazi? (Raskazone)

Swali hili ndilo lililonifikirisha zaidi, maana mkoa wetu nao una vijana wengi wanaoishi kwa kubeba mizigo. Mwezi Aprili 2024 droni kubwa ya mizigo ilijaribiwa kati ya kambi ya chini na kambi ya kwanza, ikapandisha mitungi ya oksijeni na vifaa, ikateremsha taka, kwa mzigo wa kilo 15 kila safari. Baadaye kampuni ya Kinepali ya Airlift Technology ikaendelea na kazi hiyo, ikiwapelekea ngazi na kamba mafundi wa njia.

Kati ya kambi hizo mbili lipo poromoko la barafu la Khumbu, ambalo hutembea na kupasuka usiku na mchana, na Washerpa, wenyeji wa milima hiyo wanaobeba mizigo na kuongoza wapandaji, hulivuka mara nyingi kwa msimu ili mteja alivuke mara chache. Tarehe 18 Aprili 2014 wafanyakazi 16 wa Kinepali walifia hapo kwa maporomoko ya barafu. Kazi ya namna hiyo, kwangu mimi, ikipungua si msiba, mradi ujira wa waliokuwa wakiifanya usipungue nayo, na wao wawe wa kwanza kufundishwa kurusha. Juu ya kambi za chini chombo bado hakiwezi kuchukua nafasi ya mtu.

Nitaongeza habari moja inayoonyesha thamani ya droni kuliko video yoyote. Mwezi Julai 2018, kwenye mlima Broad Peak huko Pakistan, mpandaji Mskoti Rick Allen alianguka na kudhaniwa amekufa. Bartek Bargiel wa Poland, aliyekuwa jirani kwa ajili ya kumpiga picha kaka yake Andrzej kwenye mlima wa K2, alirusha droni yake, akamwona Allen yu hai, na waokoaji wakaonyeshwa alipo. Siku chache baadaye, tarehe 22 Julai, Andrzej akawa mtu wa kwanza kuteleza kwa ski kutoka kilele cha K2, mita 8,611, hadi chini, huku droni ileile ikimsaidia kuikagua njia.

Picha zangu za theluji hutoka za kijivu, kama saruji. Kosa liko wapi? (Lushoto)

Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba dunia ni ya kijivu cha kati, hivyo ikiona weupe mwingi huufifisha. Ongeza mwanga kwa hatua moja hivi, washa mistari ya onyo la mwanga uliozidi, na usiruhusu theluji iungue, yaani iwe nyeupe tupu, kwa sababu sehemu iliyoungua hairudishwi na programu yoyote. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde na kichujio cheusi mbele ya lenzi. Bila hicho, jua la juu litakulazimisha shata ya kasi na mwendo utakatikakatika. Piga jua likiwa chini, kwani saa sita mchana theluji haina kivuli na mlima huonekana bapa.

Ukiingia kwenye nyumba ya wageni yenye jiko la moto, usiitoe droni iliyopoa. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali nje, uingie nayo, na uufungue baada ya chombo kupata joto la chumba, ili unyevu ugande juu ya mfuko na si ndani ya lenzi. Utakaporejea pwani, ifute kwa kitambaa laini kila utokapo ufukweni, kwa kuwa chumvi ya hewa ya bahari hula mota polepole.