Wiki ya tano baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, na mizani imegoma

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 41 na urefu wa sentimita 163. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo. Nilipoanza mlo wa majimaji wiki mbili kabla ya upasuaji nilikuwa na kilo 124, na siku ya kuingia chumba cha upasuaji nilikuwa 119. Niliporudi nyumbani nikakuta 121, nikadhani mizani ni mbovu. Mwisho wa wiki ya pili nilifika 114, halafu basi. Wiki ya tatu 114, ya nne 114 na nusu, leo 113. Kilo sita tu tangu nikatwe! Shemeji yangu alifanyiwa upasuaji huohuo. Alianza mlo wa majimaji akiwa na kilo 165, na wiki ya tano baada ya upasuaji alikuwa ameshapungua kilo 14.

Ninajipima kila asubuhi, siku nyingine na jioni. Njaa sina. Ninakula vijiko vichache vya chakula laini mara tatu kwa siku, kama kalori 700. Protini ni gramu 35 hivi. Maji sifikishi lita moja, yananikaba. Choo ninapata mara moja kwa siku nne. Nimetapika mara mbili, zote nilipokula haraka. Bado ninameza amitriptilini kila usiku kwa ajili ya kipandauso. Je, tumbo limeshatanuka? Ninafikiria kula mara moja tu kwa siku, au kurudia mlo wa majimaji. Usingizi sipati kwa kuwaza kwamba nimekatwa bure.

JIBU

Dada, hujakatwa bure. Ninakushukuru kwa kuandika namba zote bila kuficha, kwa sababu zimenisaidia kuona kinachoendelea. Kabla sijaeleza chochote, ninakuomba: usipunguze chakula, na usirudie mlo wa majimaji. Kwa hali uliyonayo, hatua hizo mbili zitakudhuru.

Tuanze na shemeji, maana naona ndiye anayekunyima usingizi. Kilo zake 14 amezihesabu tangu alipoanza mlo wa majimaji. Zako sita umezihesabu tangu siku ya upasuaji. Ukihesabu kama yeye, umetoka 124 ukafika 113, yaani kilo 11. Hiyo ni karibu asilimia 9 ya uzito ulioanza nao. Kilo 14 kati ya 165 ni asilimia 8 na nusu. Mko sawasawa, na kama kuna aliyetangulia kidogo ni wewe. Mwili mkubwa huchoma nishati nyingi zaidi kila siku, na wanaume kwa kawaida wana misuli mingi zaidi, kwa hiyo kilo zao hushuka kwa wingi mwanzoni. Sisi tunaofuatilia wagonjwa hawa tunatazama asilimia ya uzito wa mwanzo, na ningependa nawe uanze kufanya hivyo.

Zile kilo mbili ulizorudi nazo kutoka hospitali ni maji. Unapofanyiwa upasuaji unawekewa dripu, na mwili uliojeruhiwa hushikilia maji na chumvi kwa siku kadhaa. Mizani yako ilikuwa nzima.

Sasa hiyo wiki ya tatu. Kusimama kwa uzito kati ya wiki ya pili na ya tano ni jambo tunaloliona mara nyingi sana baada ya upasuaji huu, na sababu kubwa ni hii. Ini na misuli huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, jumla yake kama nusu kilo kwa mtu mzima. Kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Unapoacha kula kawaida, mwili huitumia akiba hiyo kwanza, na maji yake hutoka kwenye mkojo. Kwa hiyo kama kilo mbili huondoka haraka, na hizo si mafuta. Ndiyo maana wiki zile za mwanzo mizani ilishuka kwa kasi. Ulipoanza chakula laini, chenye wanga kiasi, mwili ulirudisha sehemu ya akiba ile pamoja na maji yake. Hapohapo vidonda vya ndani vinaendelea kupona, na kupona nako hushikilia maji. Ongeza choo cha siku nne kilichokaa tumboni, na kwa mwanamke ongeza siku za kukaribia hedhi, ambazo peke yake zinaweza kupandisha mizani kilo moja au zaidi.

Mafuta yenyewe yanaendelea kupungua muda wote huo. Piga hesabu nami. Mwili wa uzito wako, hata bila kazi nzito, hutumia takriban kalori 2,000 kwa siku. Unakula 700. Upungufu ni 1,300 kwa siku, sawa na 9,100 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Maana yake kila wiki mwili unalazimika kuvunja akiba yake ya zaidi ya kilo moja, hata mizani ikisema 114 leo na 114 na nusu wiki ijayo. Maji yaliyorudi yamefunika kilichoondoka. Yakitoka, utaona uzito unashuka ghafla ndani ya siku mbili tatu, na hiyo kilo moja na nusu iliyoondoka wiki hii huenda ndiyo mwanzo wake.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye gramu zako 35 za protini, na kusema kweli hizo ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko mizani. Nimeandika kwamba mwili unavunja akiba yake. Akiba hiyo inaweza kuwa mafuta, na inaweza kuwa misuli. Usipoupa protini ya kutosha, utachukua kwenye misuli. Misuli ikipungua, nishati unayotumia kwa siku hushuka, na miezi ijayo uzito utazidi kuwa mgumu kutoka. Vidonda navyo huchelewa kupona. Nywele hunyonyoka kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji, na wasiopata protini na madini ya chuma huathirika zaidi. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Wewe uko nusu, na unataka kula mara moja kwa siku. Unaona kwa nini nimekukataza?

Mfuko uliobaki ni mdogo, kwa hiyo njia ni kuongeza idadi ya milo huku kila mlo ukibaki mdogo. Toka mara tatu uende mara tano au sita. Kila ukianza kula, anza na chenye protini: yai, samaki, kuku aliyesagwa, mtindi usio na sukari, maharage yaliyopondwa vizuri. Yai moja lina gramu 6 hivi, gramu 30 za samaki aliyepikwa zina kama 7, kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 8. Mboga na wanga vifuate nafasi ikibaki. Ikishindikana kufika 60 kwa chakula, unga wa protini uliokorogwa kwenye maziwa ni msaada halali kabisa na hakuna aibu ndani yake. Usitegemee njaa ikukumbushe. Sehemu ya tumbo iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi ghrelini, homoni inayoleta njaa, kwa hiyo kwa sasa saa ndiyo itakayokuambia wakati wa kula.

Maji: lengo ni lita moja na nusu kwa siku. Yanakukaba kwa sababu, nadhani, unayameza kwa mafundo makubwa au unakunywa wakati wa kula. Tembea na chupa, nywa funda dogo kila baada ya dakika chache, acha kunywa unapokula, na baada ya kula subiri nusu saa. Wengi huona maji ya uvuguvugu yanapita vizuri kuliko ya baridi. Juisi, soda na vinywaji vitamu viache, hata kama vinapita kwa urahisi. Huko kupita kwa urahisi ndiko hatari yake, kwa kuwa havishibishi na kalori zinaingia zote. Ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai, au unapata kizunguzungu ukisimama, piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Kutapika mara mbili kwa sababu ya haraka hakunitishi. Kutapika kila siku, au kushindwa kula kwa siku kadhaa, ni jambo jingine. Akiba ya vitamini B1 mwilini haidumu zaidi ya wiki chache, na ikiisha hushambulia ubongo na neva. Ukianza kuona vitu viwiliviwili, kupepesuka unapotembea au kuchanganyikiwa, nenda hospitali mara moja, na aliye nawe awaambie wazi kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo na umekuwa ukitapika, ili upewe sindano ya B1 kabla ya dripu ya sukari. Vivyo hivyo kwa homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au bega la kushoto, kubanwa pumzi, au mguu mmoja kuvimba. Usisubiri asubuhi.

Kuhusu tumbo kutanuka: hapana, si katika wiki ya tano. Unaweza kula zaidi ya wiki ya kwanza kwa sababu uvimbe wa upasuaji umepungua, na kwa sababu chakula laini hupita haraka kuliko kigumu. Ukifika kwenye nyama na vyakula vya kutafuna utahisi tena jinsi mfuko ulivyo mdogo.

Amitriptilini inastahili mazungumzo. Ni dawa inayojulikana kuongeza hamu ya kula na uzito kwa baadhi ya watu, na pia hukausha mdomo na kufunga choo. Choo chako cha siku nne kinaweza kuwa kinatokana nayo pamoja na uhaba wa maji. Usiiache mwenyewe. Mwone daktari aliyekuandikia, umweleze upasuaji, umwulize kama kuna nyingine inayokufaa, kwa sababu zipo dawa za kuzuia kipandauso zisizoongeza uzito. Na kwa kuwa una kipandauso, niongeze hili ingawa hukuuliza: maumivu yakikushika usikimbilie ibuprofeni wala diklofenaki. Zinaweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililokatwa, na kwa waliofanyiwa baipasi ya tumbo, yaani upasuaji wa kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, hatari ni kubwa zaidi. Tumia parasetamoli mpaka daktari wako aseme vingine. Kwa choo, ukiongeza maji na kisibadilike, omba dawa ya kulainisha.

Mizani ipande mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Mara mbili kwa siku unapima maji na kujiumiza moyo. Pima pia kiuno kwa futi ya fundi nguo, andika na tarehe. Kiuno hushuka hata katika wiki ambazo kilo zimesimama. Tembea kila siku, na daktari wa upasuaji akikuruhusu kunyanyua vitu vizito, mara nyingi kati ya wiki ya nne na ya sita, anza mazoezi ya misuli.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sitaki nikupe faraja ya uongo. Wiki mbili tatu za kusimama hazitabiri chochote. Lakini kasi ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza ina maana: kwa wastani, wanaopungua kidogo kipindi hicho ndio wanaopungua kidogo mwisho wa safari. Upasuaji kama wako kwa wastani hupunguza asilimia 25 hadi 30 ya uzito wa mwanzo kwa mwaka mmoja, kwako ikiwa kilo 31 hadi 37, na wengi huendelea kushuka hadi mwezi wa 12 au 18. Mwezi wa tatu ukifika na uzito hausogei licha ya protini na maji kutimia, usijifungie ndani kwa aibu na usisubiri mwaka uishe. Omba upimwe tezi ya koo, dawa zako zote zipitiwe, usingizi uulizwe, na mtaalamu wa lishe akae nawe apitie unachokula na unachokunywa saa kwa saa. Zipo pia dawa kama liraglutaidi na semaglutaidi, ambazo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji pale kasi inapokuwa ndogo. Kupewa dawa hakumaanishi umeshindwa. Unene uliopindukia ni ugonjwa sugu, na kama ilivyo kwa shinikizo la damu, mgonjwa mmoja hutosheka na tiba moja na mwingine huhitaji mbili.

Miadi ya wiki ya sita iko karibu. Nenda na vitu vitatu: daftari la siku saba lenye kila ulichokula, ulichokunywa na gramu za protini, orodha ya dawa na vitamini zote, pamoja na zile unazosahau kumeza, na namba zako za uzito kuanzia 124. Kama kufikia siku hiyo protini bado haijavuka 50, au maji hayajafika lita moja na robo, anza na hilo hata kabla ya kutaja kilo.