Laki 3 zinatosha kuanza biashara ya viwanja?

Mkuu, umeuliza kama laki 3 zinatosha kuanza biashara ya viwanja bila kununua kiwanja, yaani udalali. Zinatosha, ila usizimalizie kwenye matangazo. Zitumie kwenye nauli, vocha na soda za wenyeji.

Chagua eneo moja tu, mfano Chanika kule Dar, ulijue hadi vichochoro. Mwenye kiwanja akitaka milioni 6, andikishaneni: bei yake ni hiyo, kwa siku 45 hampi dalali mwingine, na ukileta mteja wa milioni 6 na nusu, ile laki 5 ni yako. Cha juu cha kificho, yaani kuongeza bei bila muuzaji na mnunuzi kujua, ndicho kinachotuharibia jina madalali. Mimi kiliniponza: muuzaji na mnunuzi walikutana msibani wakalinganisha bei, nikarudisha hela yote.

Kabla hujapeleka mteja, fika serikali ya mtaa, halafu waulize majirani wa pande zote nne kuhusu mipaka. Kama kina hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani. Na mke wa muuzaji asaini! Kuna dili lilinifia siku ya malipo, mama katoka jikoni na mwiko mkononi: "Nani kawaambia hapa panauzwa?"

Hela ya mteja usiishike kabisa, aingize benki kwa muuzaji mwenyewe.